Majani mnayochoma asubuhi ndiyo nusu ya mboji

Ndugu Mhariri,

Mjadala wa taka za Dar es Salaam huishia kwenye magari: yako wapi, yanapita lini, ada ilipwe kwa nani. Naomba nafasi nizungumzie kinachopakiwa kwenye magari hayo. Zaidi ya nusu ya taka zinazotoka majumbani mwetu ni mabaki ya jikoni, yaani maganda ya ndizi, ya viazi na ya muhogo, mashina ya mchicha, machicha ya nazi, majani ya chai. Karibu asilimia 80 ya uzito wa mabaki hayo ni maji. Maana yake lori linachoma dizeli kusafirisha maji kutoka Mbezi au Mbagala mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi. Huko maganda hufukiwa chini ya taka nyingine, hukosa hewa, na yakioza bila hewa hutoa methani, gesi inayopasha anga joto mara 28 hivi kuliko kabonidayoksaidi ya uzito uleule kwa kipindi cha miaka 100.

Wenye kumbukumbu watakumbuka kuwa jiji hili limekuwa likihamisha tatizo kutoka mtaa hadi mtaa. Wakazi wa Tabata walilifikisha dampo lao Mahakama Kuu kwa kesi ya mwaka 1988. Lilipoondolewa kwao taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani, na mwaka 1991 wakazi wa huko zaidi ya 700 nao wakaenda mahakamani wakashinda. Baadaye ikawa zamu ya Vingunguti, kisha Mtoni, na sasa ni Pugu. Ganda la ndizi lililobaki uani likageuzwa mboji, yaani mbolea ya mabaki yaliyooza, halihitaji dampo wala kesi.

Watu wengi waliojaribu kutengeneza mboji nyumbani wamekata tamaa, na karibu wote kwa sababu moja. Walichimba shimo au walitoboa ndoo, wakamwaga maganda, wakaendelea kumwaga maganda. Baada ya wiki mbili pananuka, nzi wamejaa, jirani analalamika, na shimo linafukiwa. Wanahitimisha kwamba mboji ni kazi ya shambani. Kilichokosekana ni kitu kikavu. Vijidudu vinavyoozesha vinahitaji sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa kila sehemu moja ya naitrojeni. Mabaki mabichi ya mboga yana kaboni kati ya 15 na 20 tu kwa naitrojeni moja, na juu ya hapo yamejaa maji yanayoziba hewa. Majani makavu yana kaboni kati ya 40 na 80, na yakikaa katikati ya maganda huacha nafasi za hewa kupita.

Sasa tazama ua wa nyumba ya kawaida ya Dar. Asubuhi unafagiliwa, majani ya mwembe, ya mkungu na ya mwarobaini yanakusanywa pembeni na kutiwa kiberiti. Mchana maganda yanafungwa kwenye kiroba kusubiri gari. Nusu ya mboji inageuka moshi na nusu nyingine inakwenda Pugu, katika ua uleule, siku ileile. Anayefagia na anayepika mara nyingi si mtu mmoja, na katika nyumba ya kupanga yenye familia nne hata hawajuani ratiba. Ndiyo maana naona hatua ya kwanza ni makubaliano ya ua mzima kwamba majani hayachomwi. Yanawekwa kwenye viroba chini ya upenu, yakae makavu. Hilo likisimama, mengine ni mepesi.

Moshi wenyewe tusiuchukulie kwa wepesi. Ni nadra rundo la asubuhi kuwa la majani matupu. Ndani yake huwa mna chupa za plastiki, nepi za mtoto, soli za viatu, vipande vya mabomba na waya. Plastiki ya aina ya PVC, ambayo ndiyo ya mabomba na maganda ya waya, ikiungua kwa moto mdogo wa uani hutoa sumu za dayoksini, na hizo hubaki pia kwenye majivu. Mtoto mwenye pumu anavuta hewa hiyo kabla hajakwenda shule. Na yule anayechukua majivu ya rundo hilo akayamwaga kwenye tuta la mchicha anairudisha sumu mezani. Majivu ya kutia bustanini ni ya mkaa au kuni tupu, tena kiasi cha konzi moja au mbili kwa kila tabaka la lundo, kwa sababu yana magadi. Usiyachanganye na samadi ya kuku. Naitrojeni nyingi itapaa kama amonia na utaisikia puani.

Kuhusu chombo, kwenye ua wenye nafasi lundo linafaa kuwa na ukubwa wa mita moja kwa mita moja kwa kimo cha mita moja. Likiwa dogo zaidi halishiki joto. Boksi lake halihitaji saruji. Panga matofali 32 ya inchi 6 bila udongo wa kujengea: mawili kila upande kwa pande nne, mistari minne kwenda juu, ukiacha upenyo wa vidole vitatu kati ya tofali na tofali ili hewa ipite. Upande wa mbele uwe wa kubomoa na kupanga tena. Chini usisakafie, udongo uguse lundo, minyoo ipande yenyewe. Kwa Dar na pwani yote sishauri shimo. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, shimo hugeuka kisima, na maeneo ya bondeni maji ya ardhini yako karibu mno. Shimo ni la Dodoma na Singida, ambako tatizo ni lundo kukauka.

Mpangaji mwenye kibaraza tu atumie pipa la plastiki la lita 200, lililotobolewa kwa drili matundu ya milimita 10 kila baada ya shubiri moja, pande zote na chini, na kusimamishwa juu ya matofali matatu. Hakikisha halikuwahi kubeba dawa za viwandani. Pipa halipati joto kama lundo la mita moja, kwa hiyo mbegu za nyanya na maboga hazifi, zitachipua baadaye bustanini. Hakuna ubaya, zing'oe tu.

Ndani ya jiko iwe ndoo ya lita 5 yenye mfuniko, karibu kabisa na mahali maganda yanapomenyewa. Ikiwekwa nje ya mlango wa nyuma haitatumika zaidi ya wiki moja, hilo nalisema kwa uhakika. Ndani ya ndoo, chini kabisa, tandika kurasa mbili za gazeti lililosomwa. Zinanyonya maji na kurahisisha kumwaga. Mwaga kila jioni, isilale ndani.

Kwenye boksi anza na vijiti na makumbi ya nazi kimo cha shubiri moja, ili chini pasizibe. Kisha kwa kila ndoo moja ya maganda weka ndoo tatu za majani makavu. Changanya kidogo kwa uma wa bustani, nyunyiza udongo konzi chache kwa ajili ya vijidudu, na juu kabisa malizia na majani. Ganda lisionekane. Nzi hutaga pale anapoona na kunusa chakula, na tabaka la majani la upana wa kiganja linamnyima vyote viwili. Kazi hii ya kufunika inamfaa sana mtoto wa miaka saba au minane: ina kipimo, ina mwisho, na matokeo anayaona. Anawe mikono kwa sabuni akimaliza.

Hesabu ya majani ifanyike mapema. Familia inayojaza ndoo ya lita 10 kila siku mbili inatoa lita 35 za maganda kwa wiki, hivyo inahitaji lita 105 za kavu. Hilo ni gunia moja kubwa kwa wiki, na kwa masika nzima ni magunia 12 au 13. Majani hupukutika zaidi kiangazi, wakati watu wana majani hata ya kutupa. Asiyeyaweka akiba atajikuta Aprili ana maganda tu, mvua inanyesha, na lundo limekuwa tope. Akiba ikiisha, katoni zilizochanwa vipande vya ukubwa wa kiganja zinafaa, ukitoa gundi ya nailoni na karatasi zinazong'aa.

Majani nayo hayafanani. Ya mwarobaini ni madogo na huoza upesi. Ya mwembe yana nta, yalowekwe usiku mmoja au yakatwekatwe kwa panga. Ya mkungu ni mapana, yakilowa hugandamana na kuziba hewa, kwa hiyo yapondwe kwanza au yachanganywe na vijiti. Sindano za mvinje huchelewa mno, tumia kidogo.

Katika vitu vya jikoni kinacholeta shida kubwa kuliko vyote pwani ni machicha ya nazi. Yana mafuta, huchacha haraka, na panya huyafuata kutoka mbali. Yasimwagwe juu. Fukua katikati ya lundo, yatie kidogokidogo, funika kwa majani mara mbili ya kawaida. Matumbo na mifupa ya samaki, nyama na mafuta ya kukaangia visiingie kabisa. Matumbo ya samaki yafukiwe kina cha nusu mita, hatua moja kutoka kwenye shina la mgomba, na juu pawekwe jiwe zito ili mbwa asifukue. Kinyesi cha mbwa na paka kisiingie kwa sababu ya minyoo. Ugali na wali uliobaki ni bora upewe kuku, na bora zaidi upikwe kwa kipimo. Kokwa za maembe, vifuu na maganda ya madafu vitakaa miaka, viweke kando. Maganda ya machungwa yanaruhusiwa, ingawa wengi wanayaogopa. Yakate vipande na usishangae ukungu wa kijani.

Unyevu upimwe kwa ngumi. Chukua mchanganyiko kutoka katikati, ukamue. Yakitoka matone mawili matatu kati ya vidole, ndiyo kiasi chake. Yakichuruzika, ongeza kavu na ulifungue. Yasipotoka na mkono ukiachia unatawanyika, nyunyiza maji, hasa ya kuoshea mchele au mboga. Kati ya siku ya tatu na ya tano lundo lililokamilika hupanda hadi nyuzi 55 au 60. Chomeka nondo katikati, iache dakika tano, ichomoe uishike upande uliokuwa ndani: inatakiwa ikushinde kushika. Joto likishuka, baada ya siku saba hadi kumi, geuza: vya pembeni viende katikati. Kugeuza boksi la mita moja ni kazi ya nusu saa, ni nzito, na kina baba waichukue badala ya kumwachia mama au dada wa kazi ambaye tayari ametenganisha kila siku.

Lundo lenyewe husema lilivyo likinuka. Harufu ya mayai viza ni maji mengi na hewa hakuna: geuza, ongeza vijiti na majani. Harufu kali kama ya mkojo ni naitrojeni iliyozidi, kwa kawaida samadi ya kuku au majani mabichi mengi: ongeza kavu peke yake. Sisimizi wakiweka makazi, limekauka. Lisipopata joto kabisa na halinuki, ama ni dogo, ama kavu limezidi. Tia maganda zaidi. Nyuzi nyeupe za ukungu ni dalili njema. Mabuu makubwa ya rangi ya kijivu yanayochezacheza yakionekana, yaangalie vizuri kabla ya kupiga dawa: mara nyingi ni ya yule nzi mweusi mwembamba ambaye haji mezani wala hagusi chakula chetu. Yanakula maganda kwa kasi na kuku wanayapenda. Dawa ya kuua wadudu ikipulizwa kwenye lundo inaua kila kinachofanya kazi humo, na mabaki yake yataishia kwenye mboga.

Masika lifunike kwa bati au turubai lililoinuliwa shubiri moja, lisiligandamize. Boksi hujaa kwa miezi miwili au mitatu kwa sababu kila siku linashuka, ndipo unaanza la pili huku la kwanza likimalizikia. Mboji iliyoiva ni nyeusi, baridi, inanukia kama udongo baada ya mvua, na ganda halitambuliki. Ijaribu: panda mbegu za mchicha kwenye kopo la mboji hiyo. Zikiota vizuri ndani ya siku nne au tano, imeiva. Zikinyauka au zikiwa za njano, iache mwezi mwingine. Mboji mbichi huendelea kuoza ikiwa bustanini, na vijidudu vyake hunyang'anya mmea naitrojeni. Hapo ndipo watu huona majani ya njano na kusema mboji haina nguvu.

Ikiiva, ichekeche kwa wavu wa nusu inchi. Kwenye tuta, ndoo moja ya lita 20 inatosha mita moja ya mraba. Ni tabaka la sentimita mbili. Udongo wa Dar sehemu nyingi ni mchanga, maji na mbolea vinapita moja kwa moja, na faida ya kwanza ya mboji hapa ni kuyashika maji. Kwa asiye na tuta, gunia: ndoo tatu za udongo, mbili za mboji, moja ya mchanga. Mchanga uwe wa mto. Wa baharini una chumvi na utaua miche. Katikati simamisha kopo lililokatwa chini na juu, lijaze kokoto, zungushia udongo, livute juu, ujaze tena, hadi upate nguzo ya kokoto toka chini hadi juu. Maji yakimiminwa kwenye nguzo hiyo yanafika kwa miche ya chini, vinginevyo ya juu tu ndiyo hunywa. Toboa pembeni kwa umbali wa shubiri moja, panda matembele au sukuma wiki. Mchicha panda juu, utavunwa kwa wiki tatu au nne. Gunia la nailoni lisikae jua kali miaka miwili; litachanika na kuacha vipande vya plastiki kwenye udongo uleule uliouhangaikia. Libadilishe likianza kumeguka.

Maji ya kufulia nayo yana kazi. Ya suuza ya mwisho yanafaa kwenye migomba na mipapai, yakimwagwa chini na siyo kwenye majani. Ya kwanza yenye sabuni nyingi ya unga yana sodiamu inayoufanya udongo ugande; yaende chooni. Ya suuza yatumike siku hiyohiyo. Maji yaliyowekwa wazi kwenye ndoo ndiyo makazi ya mbu wa homa ya dengu, anayeweza kutoka yai hadi mbu kamili kwa siku saba hadi kumi, na jiji hili limeshaona milipuko ya mwaka 2014 na 2019. Vifuu na makopo yaliyorundikwa nyuma ya nyumba vigeuzwe mdomo chini kwa sababu hiyohiyo.

Kwa halmashauri nina maombi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaka ziagize taka zitenganishwe zinapozalishwa. Lakini familia iliyotenganisha ikiona kila kitu kinachanganywa tena kwenye lori moja, haitatenganisha wiki ijayo. Basi ianzwe na kile kisichohitaji lori. Kaya inayobakiza maganda yake uani itoe taka kavu tu, mara moja kwa wiki badala ya mara mbili, na ada yake ipunguzwe kwa kadiri hiyo. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anaweza kuthibitisha kwa kutazama boksi. Majani yanayofagiliwa barabarani yakusanywe penye ofisi ya mtaa, wenye upungufu wa kavu wachukue bure.

Kwa masoko ni hivyohivyo ila kwa kiwango kikubwa. Mabibo, penye soko la ndizi liitwalo Mahakama ya Ndizi, kuna mikungu na majani ya migomba yasiyokwisha, mabichi yote. Keko kuna mafundi samani na milima ya maranda, kavu yote, na mengi yanachomwa. Lori likipeleka maranda ya Keko mahali zinaporundikwa taka za Mabibo, mboji inatengenezwa bila kununua kitu. Maranda yana kaboni mamia kwa naitrojeni moja, kwa hiyo kipimo kinageuka: ndoo moja ya maranda kwa ndoo mbili au tatu za taka mbichi, pamoja na samadi kidogo. Mafundi waelezwe kuyatenga mapema. Maranda ya mbao za kawaida yawekwe peke yake. Ya nguzo na mbao zilizotiwa dawa, zile zenye ukijani, yana shaba na aseniki, na vumbi la mbao za kubandikwa kwa gundi lina kemikali za gundi hiyo. Hayo mawili yasiguse mboji ya kuotesha chakula, na yasichomwe pia.

Mwalimu wa bustani za nyumbani,
Segerea, Dar es Salaam